Harusi tunachanga, nauli ya kwenda Itega hatuchangi

Hapa Dodoma ukishakua na simu tu basi uko kwenye magrupu ya harusi mawili matatu, na ukichelewa kutoa ahadi katibu anakukumbusha kila asubuhi, jina lako liko kwenye orodha halina tiki watu wote wanaliona. Singo 50,000, dabo 100,000, na tunatoa, hata mshahara ukiwa umeisha tunakopa tunatoa. Sendoff, kipaimara, kicheni pati, msiba, vyote tunachanga. Ila sijawahi kuona grupu hata moja limefunguliwa kumchangia kijana anaetumia unga, yaani heroini, apate nauli ya kwenda kunywa dawa, na mimi naona sehemu kubwa ya tatizo letu iko hapo, sio kwa mapusha wanaouza unga peke yao.

Maana dawa ipo. Kuna watu mpaka leo wanadhani mtu akishakua teja ndo basi tena, asubiriwe kufa. Dawa yenyewe inaitwa methadoni, Muhimbili walianza kutoa Februari 2011, ikaenda Mwananyamala na Temeke, baadae mikoani, na sisi Dodoma tunayo Itega, kwenye kituo cha Hospitali ya Mirembe. Ni bure. Ni dawa ya maji, unafika dirishani wanakutambua, nesi anakupimia kwenye kikombe unakunywa palepale anakuangalia, alafu anakuongelesha kidogo ahakikishe umemeza kweli, unaondoka zako. Inakaa mwilini zaidi ya saa 24, inakata arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, na ile hamu, na ukishapatiwa dozi yako sawasawa haikuleweshi, unaenda kwenye shughuli zako. Hii ni kwa watu wa heroini na jamii yake lakini, bangi, mirungi na pombe hazitibiwi kwa methadoni, zina matibabu yake mengine, tusichanganye.

Watu wanasema "hataki tu kuacha". Anaesema hivyo hajawahi kukaa na mtu mwenye arosto. Kuna kijana huku mtaani kwetu nilimkuta kwao saa saba mchana, jua la Dodoma limekaa juu ya bati, yeye amejifunika blanketi anatetemeka vipele vya baridi mikono yote, miayo haiishi, makamasi na machozi yanatoka pamoja, anajikunja kwenye mkeka anasema mifupa inamuuma, mara anyanyuke mbio chooni. Na anajua kabisa kete moja tu ya unga inamaliza yote hayo ndani ya dakika chache. Mama yake alikua mlangoni anachambua mchicha, akaniambia, "Mwanangu, bora ningekua nimeshamzika nikajua moja, kila akitoka hapa nasubiri kuja kuambiwa wamemchoma moto." Nilimpa pole tu, sikua na lingine.

Huyo ndo anaekuja kuiba betri ya gari lako usiku. Sitetei wizi, naelezea unapotoka.

Sasa twende kwenye hesabu. Mtu akiunga daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kwa 600 kila gari, ni 2,400 kwa siku, na hasa mwanzoni hii ni kila siku mpaka Jumapili mpaka sikukuu, kwa mwezi 72,000. Hata dabo moja ya harusi haifiki. Lakini kwake yeye ambae hana kazi na hakuna mtu anamwamini hata na 500 ni pesa isiyopatikana. Na akikosa dozi siku kadhaa mfululizo hawezi kurudi tu akaendelea alipoishia, mwili unakua umeshapoteza uzoefu, ile dozi aliyokua anakunywa kabla inaweza kumuua, kwa hiyo inabidi apimwe upya na dozi ishushwe apandishwe tena taratibu, na hapo katikati arosto inamkuta, anarudi kijiweni. Sisi mtaani tunasema "si alipelekwa dawa akaacha mwenyewe". Wengine hawakuacha, walikosa nauli.

Najua hofu ya kumpa hela mkononi, na ni hofu ya haki kabisa, atapita nayo kwa pusha. Basi usimpe yeye. Mlipe bodaboda mnaemwamini, au mjomba wake amsindikize wiki za mwanzo, mbona mgonjwa wa kisukari tunamsindikiza?

Na hapo nimeongelea wa mjini. Wa Kondoa je, kilomita kama 160, atakuja kila siku na kurudi? Wa Manyoni je? Huyo lazima apate ndugu wa kumpokea mjini, na ndugu wakisikia neno unga tu simu hazipokelewi, mtu ana nyumba ya vyumba vinne mtaa wa Kisasa hapa mjini anasema hana nafasi. Serikali isogeze huduma wilayani, hilo nalisema wazi, lakini mpaka isogee hao vijana wanalala wapi? Wanawake ndo kabisa, mwanamke anaetumia unga anafichwa ndani au anafukuzwa, kliniki hafiki kwa aibu ya familia, na akishare sindano anaweza kupata ukimwi na homa ya ini, wakati mwingine huku ana mtoto tumboni.

Mtu ataniuliza kwanini nimchangie aliejitakia. Mbona mlevi akigonga pikipiki tunamchangia akafungwe vyuma mguuni, na pombe alikunywa mwenyewe?

Kwenye kikundi chetu cha kufa na kuzikana nimepeleka ombi tuanze na kijana mmoja tu, nauli ilipwe kwa boda moja kwa moja kila mwisho wa wiki, mama yake athibitishe kua ameenda. Wawili wamekataa kabisa, wengi wamekubali, na mwenyekiti ametaka kwanza wahudumu wa kliniki waje watueleze kabla hatujatoa hata shilingi. Mimi naona yuko sahihi, na hilo ndo nafuatilia wiki hii.