Mwimbaji afunikwe uso wote au nusu?

Mchezo wa kuigiza wenye nyimbo ukiwa na mhusika anayejificha, ubishi hauepukiki: barakoa yake ifunike uso wote au nusu? Kwa vikundi vya Dodoma swali lina uzito wa ziada, maana watazamaji mara nyingi ni majirani. Aliyeketi mbele anamjua mwigizaji tangu mtaani kwao Nkuhungu. Nusu ya uso inamtosha kumtambua.

Hapo ndipo wanaotaka uso wote ufichwe wanapopata nguvu, na mfano wao ni mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Kinyago cha mti huvaliwa kichwani kama kofia, nguo hufunika mwili, na anayecheza hatakiwi kujulikana. Mfano mzuri, ila una shimo: katika mapiko nyimbo na ngoma ni kazi ya walio pembeni, aliyevaa hucheza. Ukimtaka aliyevaa ndiye aimbe, mambo hubadilika. Herufi m, b na p huhitaji midomo ikutane, na midomo ikigusa barakoa hazisikiki vizuri. Sauti hugonga ukuta wa ndani na kutoka nzito, kama mtu anaimba ndani ya ndoo. Fundi sauti atapunguza uzito huo kwa kushusha masafa ya sauti yaliyo kati ya hezi 200 na 400, lakini maneno yaliyomezwa hayarudishi.

Tamthilia ya The Phantom of the Opera ilikwepa tatizo hilo mapema, tangu London mwaka 1986: barakoa nyeupe upande mmoja, mdomo huru. The Lion King ya mwaka 1997 ilikwenda mbali zaidi, ikaweka vinyago vya simba Mufasa na Scar juu ya kichwa, uso wa mwigizaji ukabaki wazi chini yake. Mtazamaji anaona mnyama na mtu kwa pamoja, wala hachanganyikiwi.

Mimi niko upande wa nusu, kwa sababu ya sauti na kwa sababu ya hadhira. Wagogo huimba na kucheza uso wazi, kuanzia wanawake wa ngoma ya muheme hadi mpiga zeze. Mtazamaji wa hapa amezoea kusoma uso pamoja na wimbo. Tena anayejificha akianza kuimba ameshajifichua kwa kiasi fulani: uso unakana, sauti inakiri. Nusu barakoa inaonyesha mvutano huo. Uso ukifunikwa wote, tunabaki na siri tu.

Kuna hali moja ambayo upande wangu hushindwa. Hadithi ikitegemea hadhira isijue kabisa ni nani, mpaka mwisho, nusu barakoa ni udanganyifu usiomdanganya mtu. Hapo funika uso wote, mhusika anyamaze, kwaya imwimbie.

Utengenezaji nao una mitego ya hapa. Finyanga kalibu ya udongo, paka mafuta ya mgando, kisha bandika vipande vya gazeti kwa uji wa unga wa ngano: kikombe kimoja cha unga kwa vitano vya maji, upikwe, na chumvi kijiko kuzuia ukungu. Tabaka sita hutosha, mbili kwa siku. Usianike juani. Kiangazi cha Dodoma hukausha nje haraka huku ndani kukiwa bado kubichi, barakoa inajikunja na tundu la jicho linahama. Kivuli chenye upepo kinafaa, ikiwa bado juu ya kalibu. Ndani paka vanishi na ubandike sponji kwenye paji na shavu, la sivyo jasho litalainisha karatasi katikati ya onyesho. Nje tumia rangi isiyong'aa. Nyeupe inayong'aa chini ya taa hugeuka doa lisilo na sura.

Maikrofoni ndogo ikae kwenye paji la uso, upande usio na barakoa. Na mvaaji afanye mazoezi akiwa na barakoa angalau wiki moja kabla, kwa kuwa haoni miguu yake wala ukingo wa jukwaa.