Kabla ya kusema figo, ulizeni chakula

Nimesoma makala kuhusu miguu kuvimba na kukosa pumzi. Mwandishi ameeleza vizuri, ila kama chanzo ametaja figo na presha tu. Ukosefu wa vitamini B1 hakuugusa, na sisi tulio karibu na kambi za jeshi tunaujua kwa uchungu.

Mwaka 2009 askari wa Umoja wa Afrika kule Mogadishu, wakiwemo vijana wetu wa Uganda, walianza kuvimba miguu, mioyo ikienda mbio, pumzi zikikata. Walifika 241, wanne wakafariki. Wengine walikimbizwa kwa ndege hadi hospitali za Kenya na Uganda. Ilikuwa beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini B1. Waliougua zaidi ni wale waliokula mgao wa kambi peke yake, bila kuongezea vyakula vya wenyeji.

Shemeji yangu alirudi na hali hiyo. Ukimbonyeza muundi kwa kidole gumba, shimo linabaki pale pale. Usiku alilala ameketi, mito mitatu mgongoni. Bila B1 moyo unashindwa kutumia sukari kupata nguvu, damu inarundikana, shinikizo linapanda kwenye mishipa ya mapafu. Walipoanza kumpa thiamini, yaani hiyo B1, ndani ya siku chache alipanda ngazi mwenyewe! Dawa yenyewe ni ya bei rahisi jamani.

Madaktari wetu, mgonjwa akija amevimba, muulizeni amekuwa akila nini. Wali mweupe na posho (ugali) ya unga uliokobolewa kila siku? Mnywaji wa waragi, pombe yetu kali, asiyekula? Maharage na njugu, vyenye B1, anavipata?