Amri Moja Haitoshi Kuondoa Vidoko

Wanaorekodi sauti za watu, iwe podikasti, masomo au vitabu vya kusikiliza, wana ushauri wanaopeana kila siku: ukimaliza kurekodi, chagua faili zima, bonyeza amri ya kuondoa vidoko, yaani vile vimlio vifupi vya tiki, basi. Mimi siukubali. Amri yenyewe haina ubaya, ila kuipitisha kwenye rekodi nzima ya mtu anayeongea ni kuiachia programu kazi ya sikio.

Tuanze na chombo chenyewe. Audacity ni programu ya bure ya kurekodi na kuhariri sauti, na wengi wetu ndiko tulikoanzia. Amri yake ya kuondoa vidoko inafaa hasa sauti zilizonakiliwa kutoka kwenye santuri. Mlio wa mkwaruzo wa santuri ni mfupi, mkali, na hauna uhusiano wowote na muziki uliorekodiwa. Kidoko cha mdomo ni kitu kingine. Mate yamenata yakaachia, au ulimi umebanduka kwenye kaakaa, na mara nyingi mlio huo umejibana ubavuni mwa neno, au umeingia ndani ya irabu kabisa. Tena hizo p, t na k tunazotamka kila sekunde nazo ni mipasuko mifupi ya hewa. Programu haijui neno hata moja la lugha yoyote; inachokiona ni mruko wa ghafla kwenye mawimbi. Ukiipa uhuru kupita kiasi, itazila na konsonanti.

Mipangilio ni miwili tu. Kizingiti, yaani ukali ambao mruko lazima uuvuke ndipo uhesabiwe kidoko, huja kimewekwa 200, na kadiri unavyokishusha ndivyo programu inavyozidi kuwa kali. Upana wa mruko, yaani mruko unaweza kuwa mrefu kiasi gani na bado uhesabiwe kidoko, huja umewekwa 20, na wenyewe huenda kinyume: ukiuongeza ndipo inapokamata zaidi. Mtu akiona vidoko bado vipo, anashusha hiki na kuongeza kile kwa mpigo mmoja, halafu anashangaa msomaji anasikika kama aliyefunikwa kitambaa mdomoni.

Ipo njia ya kuhakiki, na nashangaa haitumiki sana. Nakili traki, pitisha amri kwenye nakala, kisha geuza mawimbi ya nakala juu chini (Audacity ina amri ya hilo) na uzicheze zote mbili kwa pamoja. Kisichobadilika kitajifuta chenyewe, nawe utasikia kilichoondolewa peke yake. Ukisikia tiki-tiki kavu, endelea. Ukianza kutambua silabi, rudi nyuma, umeshaingia kwenye maneno. Wenye iZotope RX, programu ya kukarabati sauti, wamerahisishiwa: wana chaguo la kusikiliza vidoko tu, bila kuhangaika na nakala.

Kwa vidoko vinavyokera kweli, mimi ni mtu wa kutumia mkono. Fungua mwonekano wa spektrogramu, yaani picha ya sauti inayopanga masafa kuanzia mlio mzito chini hadi mwembamba juu, na utakiona kidoko kama mstari mwembamba uliosimama wima, unaokata masafa kutoka chini hadi juu. Kikuze mpaka uone pembe zake, kichague, tumia amri ya ukarabati. Amri hiyo haikubali zaidi ya sampuli 128 (vile vipimo vidogo vya wimbi ambavyo kompyuta huhifadhi) kwa wakati mmoja, ambazo kwa rekodi ya sampuli 44,100 kwa sekunde hazifiki hata milisekunde 3. Usiuone huo kuwa upungufu. Kipande kikiwa kifupi hivyo, programu hutazama mawimbi ya pande zote mbili na kuziba pengo kwa makisio ambayo sikio haliyagundui. Kidoko kikiwa kati ya sentensi na sentensi ni rahisi zaidi: bandika juu yake kipande cha ukimya wa chumba kilekile. Usiweke ukimya mtupu wa kompyuta, maana msikilizaji atausikia kama shimo.

Kuna tiki ambazo mdomo hauhusiki nazo. Umekata sauti katikati ya wimbi, ukaunganisha, pakalia: hapo sogeza mkato mpaka wimbi linapopita sifuri (kwenye Audacity ni kitufe cha Z), au weka mfifio (sauti ipande au ishuke polepole) wa milisekunde chache. Kompyuta iliyozidiwa wakati wa kurekodi nayo huacha mapengo yanayolia, na hayo ni afadhali kurekodi upya.

Fanya haya yote kabla ya kompresa, kile kifaa kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo. Kompresa huyafanya ya chini yasikike, na kidoko ambacho hakikuwa kitu kitakuja mbele pamoja na pumzi. Na kabla ya programu yoyote, mwambie msomaji anywe maji mapema, si dakika ile anapokaa kwenye maikrofoni, kisha isogeze maikrofoni pembeni kidogo ya mdomo. Vichache vitakavyosalia viache. Mtu anayeongea bila dalili yoyote ya kuwa na mdomo anachosha kuliko mwenye vidoko viwili vitatu.

Halafu kuna lugha ambazo ushauri wa kusafisha faili zima ni hatari kabisa. Katika Kixhosa, Kizulu, Kisandawe na Kihadza, kidoko ni konsonanti. Ukikiondoa umebadilisha neno au umeliua. Huko amri ya jumla isiguswe, na mhariri asiyeijua lugha akae na anayeijua, kidoko baada ya kidoko.