Niliomba mmoja, wakatumiwa 32

Jumanne usiku niliwatumia wafanyabiashara 32 wa dagaa pale Kibirizi, Kigoma, ujumbe usemao "jaribio jaribio". Nilikusudia kumtumia mmoja tu, mama yangu mdogo, ambaye angenicheka yakaisha. Hakujapambazuka vizuri simu inaita, ni mmoja wa wale wafanyabiashara: "Mwanangu, jaribio la nini? Au bei imeshuka?"

Kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja wa Clojure, lugha ya kuandikia programu: `map` (fanya kazi hii kwa kila kitu, hapa kutuma SMS) juu ya vekta (aina ya chombo cha kupangia data) ya namba za simu, kisha `take 1` (chukua kimoja cha kwanza). `map` inatoa mfuatano mvivu, si ndiyo? Haufanyi kazi mpaka uombwe. Omba kimoja, utapewa kimoja. Thubutu! Ukiipa vekta, `map` inachakata vitu 32 kwa mkupuo, na imekuwa hivyo tangu toleo la 1.1. Ni kama kwenda soko la Mwanga kuagiza mgebuka mmoja, muuzaji akakaanga 32, akakupa mmoja na kusema hii mingine nimekuwekea ukirudi. Mafuta yameshaungua, bwana!

Na hiyo 32 yenyewe ningeivumilia. Kinachonichoma ni kwamba namba zilezile, zikikaa kwenye orodha ya kawaida badala ya vekta, zinachukuliwa moja moja. `map` ileile, `take` ileile. Yaani ili nijue mstari wangu utafanya nini, lazima kwanza nimuulize aliyeniletea data: umeibeba kwenye ndoo au kwenye kapu? Huo ni uvivu gani unaochagua chombo? Mtu mvivu ni mvivu popote, hata shemeji yangu nampa sifa hiyo.

Haya, najua mtakachosema. Mafungu yanaongeza kasi, maana kila kiungo cha mfuatano kina gharama yake. Na kweli, kutuma SMS ndani ya `map` ni ujinga wangu. Kwa kazi hiyo ipo `doseq`, inayopitia vitu na kutenda papo hapo. Kwenye Haskell, lugha nyingine ya programu, `map` ingenipa orodha ya maagizo tu, lisitumwe hata moja mpaka niamuru. Watu wa lugha ya Scala nao, mfuatano wao mvivu `Stream` ulikuwa na kichwa (kitu cha kwanza) kisicho kivivu, ila 2019 walileta `LazyList` wakarekebisha.

Nimeshabadilisha kuwa `doseq`. Mama mdogo, niliyemkusudia peke yake, ujumbe hajauona hadi leo. Ujiji umeme ulikatika, simu yake ikazima.