Pistoni Si Kioo cha Kujitazamia

Juzi kijana mmoja niliyewahi kufanya naye kazi kanitumia picha ya pistoni ya injini ya ndege. Inang'aa mpaka inaumiza macho. Chini kaandika: "Mzee, imetoka kama mpya," na vidole gumba vitatu vya kujipongeza. Nikaikuza picha hadi kwenye mfuo wa ringi ya juu, yaani ule mfereji ringi inamokaa, mate yakanikauka. Aluminiamu yote, kichwani mpaka ndani ya mifuo, ilikuwa na ule weupe uliofifia ambao sisi tuliozeekea kazini tunaujua. Shanga za kioo: zile punje ndogo zinazopulizwa kwa upepo kusugua uchafu.

Msije mkasema napenda uchafu. Ukoko unaogandia ndani ya injini lazima utoke. Huwezi kuona ufa kati ya kiti cha vali ya moshi na tundu la plagi ikiwa kichwa cha silinda kimevaa koti la kaboni na madini ya risasi. Ringi iliyogandia kwenye mfuo wake haizibi kitu. Uipime silinda kwa upepo wa presha ya paundi 80, utausikia unavuma kwenye bomba la pumzi la injini. Na petroli yetu ya ndege, 100LL, inayojiita ya risasi kidogo, inaruhusiwa kubeba hadi gramu 0.56 za risasi kwa lita. Kidogo hicho! Kwa hiyo safisha. Ila jiulize kwanza: unasafisha upate kuona, au upate kuonekana?

Maana shanga za kioo ni za kuonekana. Dakika tano kwenye kabati la kupulizia, pistoni imekuwa bibi arusi. Tatizo ni kwamba aluminiamu ni laini. Punje ikigonga vizuri inadunda. Ikipasuka, vipande vyake vinajikita kama miiba kwenye kisigino. Utaosha, utapuliza kwa kompresa, utapitisha kidole, hutahisi kitu. Halafu injini inapata moto, pistoni inatanuka, inapoa, inasinyaa, kesho inatanuka tena, na kila safari inatema kidogo. Inatemea kwenye oili, si kwingine. Filta itadaka baadhi. Nyingine zitakuwa zimeshapita kati ya ringi na ukuta wa silinda, na nyingine zimejipachika kwenye beringi na kuigeuza msasa wa kusugua shafti.

Nadharia? Niliwahi kufungua injini iliyotoka kufumuliwa na kujengwa upya, haijamaliza hata saa mia. Karakana iliyoifanya siitaji. Mwenye ndege analalamika inakunywa oili. Nikatoa silinda, nikakwangua kona ya mfuo kwa kijiti, nikakung'uta uchafu juu ya karatasi nyeusi, nikatazama kwa lenzi. Viduara. Vidogo, vya mviringo kamili, vinapitisha mwanga. Kaboni haina umbo hilo, wala chuma kilicholika. Mwenye ndege akauliza ni nini. Nilishindwa hata kumjibu kwa upole.

Kuna ubaya mwingine unaonikera zaidi. Kupiga uso wa chuma kwa punje ngumu kunaufinyanga, na ufa mwembamba unafumbwa mdomo. Ukija kupaka rangi ya kusakia nyufa, haipati pa kuingia. Unapiga muhuri, unasaini, ufa upo palepale. Yaani umesafisha ili uutafute, ukaufukia kwa mikono yako mwenyewe.

Haya, nakubali kwa shingo upande: wapo mafundi wanaoziba mifuo, tundu la pini na njia za oili, wanapuliza kichwa cha pistoni tu kwa presha ndogo, kisha wanaosha mara tatu. Nimekutana nao wawili.

Brashi ya waya kwenye aluminiamu, sitaki hata kuijadili. Kipande cha ringi iliyovunjika, kile kifaa cha babu zetu cha kukwangulia, kinakula mfuo pamoja na kaboni. Ukija kupima nafasi ya ringi imezidi kiwango, na pistoni umeiua. Magadi makali yanaila aluminiamu, na yanayobaki kwenye vinyweleo vyake yatakuja kutoa povu kwenye oili. Na wewe unayekwangua makavu bila barakoa, tafadhali sana: vumbi lile lina risasi. Usilipeleke nyumbani kwa wanao kwenye ovaroli.

Dawa yenyewe haina mbwembwe. Loweka kwenye kiondoa kaboni kisichodhuru aluminiamu, nenda kalale. Asubuhi ukoko umelegea, unatoka kwa kijiti cha mbao au plastiki. Unaokaidi unarudi kulowekwa, au unapulizwa kwa maganda ya kokwa za walnati yaliyosagwa. Fundi aliyenifundisha alikuwa na mpini wa brashi ya rangi aliouchonga ncha kama patasi. Ukibutuka anauchonga tena, mpaka ukabaki kama kipande cha penseli, na bado hakumwazima mtu. Doa jeusi lisilo na unene aliliacha palepale kwenye kichwa cha pistoni. Tukimwambia halijatakata, anajibu: "Hilo litaruka na ndege. Halina uzito."

Gari likigoma, unasogea pembeni ya barabara. Huko juu hakuna pembeni.

Kijana nilimwuliza swali moja tu: mifuo uliiziba kwa kitu gani? Nikaona ameshasoma. Ikapita saa nzima. Mwishowe jibu likaingia: picha ya pistoni ya pili, inang'aa kuliko ya kwanza.