Usonji (autism) ni maumbile au ugonjwa? Mbona tunalazimishana kuchagua

Huku kwetu Mtwara mtoto akifika miaka minne hajaanza kuongea, ukimwita hageuki, yeye na tairi la kigari chake tu kutwa nzima, maneno ya kwanza utakayosikia ni karogwa huyo, ama mama yake alivunja mwiko akiwa na mimba, basi wanazunguka naye kwa waganga mpaka hela ya korosho inaishia huko. Kwa hiyo mtu akisema usonji ni namna mojawapo ya ubongo wa binadamu, hakuna laana hapo, mimi napokea kwa mikono miwili kabisa.

Na wazo lenyewe wamelisukuma wenye usonji wenyewe. 1993 Jim Sinclair, mwenye usonji, aliwaambia wazazi waache kumlilia mtoto aliye hai kama vile amekufa. Hata sayansi inaonyesha sehemu kubwa ni vinasaba, na yale madai kwamba chanjo inasababisha usonji yalitoka kwenye andiko la 1998 ambalo jarida la kitabibu la Lancet, lililolichapisha, lenyewe lililifuta 2010.

Chukulia jando. Ngoma inakesha, vigelegele, watu wamebanana, mtoto mwenye usonji anaziba masikio analia, wanamwita muoga na wengine wanamchapa, kumbe ile sauti inaweza kumuingia kwa nguvu kuliko inavyotuingia sisi. Hapo hakuna cha kutibu jamani, msogezeni pembeni, mfupishieni, basi.

Lakini sasa nenda kamwambie hayohayo mama wa Tandahimba ambaye mwanae ana miaka kumi na mbili, haongei, anajing'ata mikono, usiku halali na kifafa juu, na kifafa kwa watu wenye usonji kinatokea sana kuliko kwa wengine. Ukimwambia ni utofauti tu atakuona unamtania. Wataalamu waliokusanywa na Lancet walipendekeza 2021 watoto kama huyo watajwe kwa jina lao, usonji mzito, maana wanahitaji uangalizi saa 24, na baadhi ya watetezi wa watu wenye usonji wakapinga wakihofia watu watagawanywa mafungu. Hofu yao naielewa, ila kwa hili niko na huyo mama, maana mtoto asiyeweza kujisemea akifichwa nyuma ya wale wanaoweza, hakuna atakayemdai msaada.

Mimi swali langu huwa moja, hiki kitu kinamuumiza mtoto au kinatutia aibu sisi? Kurusharusha mikono, kutokukutazama machoni, kula ugali bila mboga kuugusa, hiyo aibu ni yetu, aachwe. Kukosa njia ya kusema tumbo linauma, hilo linamuumiza, afundishwe kuonyesha kwa picha hata za kuchorwa kwenye boksi. Na kifafa dawa zake zipo, mzazi asije akaziacha eti kwa sababu kaambiwa mwanae yuko sawa alivyo.