Katuni Isiyomwambia Mtoto Anyamaze

Mtoto wa miaka mitatu akinyang'anywa kijiko anaweza kulia mpaka pumzi imkatike. Wakubwa tuna jibu moja tulilorithi: nyamaza. Lisiposaidia, tunatisha kwa fimbo au tunawasha televisheni. Mimi naitetea televisheni, na sababu yangu si kwamba inanyamazisha. Vipo vipindi vichache vinavyomwacha mtoto akasirike, kisha vinamwonyesha afanye nini na hasira hiyo.

Ninachokipenda kuliko vyote ni Daniel Tiger's Neighborhood cha Marekani, katuni iliyoanza kurushwa na PBS, televisheni ya umma ya huko, mwaka 2012. Daniel ni simbamarara wa miaka minne, mwenye sweta jekundu. Kila kipindi kina hadithi mbili fupi zenye funzo moja, na funzo lenyewe limo ndani ya kijiwimbo kinachorudiwa mpaka mtoto akishike. Ukikasirika hadi unataka kunguruma, vuta pumzi, hesabu mpaka nne. Mama akikuacha shuleni, kumbuka wakubwa hurudi. Katika hadithi ya kwanza kabisa, keki ya siku ya kuzaliwa ya Daniel inapondeka njiani. Anahuzunika kweli, na hakuna anayemcheka.

Ufupi wa wimbo ndio unaofanya kazi. Mtoto aliyepandwa na hasira hasikii mawaidha, hata yawe mazuri namna gani. Lakini maneno machache aliyoyaimba mara nyingi akiwa ametulia, hayo yanaweza kumjia, hasa mtu mzima akimwanzishia.

Kazi hii ina mizizi mirefu. Daniel ni mtoto wa Daniel Striped Tiger, kikaragosi cha Fred Rogers, mchungaji wa Kipresbiteri ambaye kipindi chake cha watoto, Mister Rogers' Neighborhood, kilianza kuonekana Marekani nzima mwaka 1968. Kwa miaka mingi Rogers alishauriana na Margaret McFarland, mwanasaikolojia wa watoto, maana aliona kuzungumza na watoto ni jambo la kusomea. Mwaka 1969 alifika mbele ya kamati ndogo ya Seneti kutetea dola milioni 20 za televisheni ya umma. Alichowasomea wale wazee ni maneno ya wimbo wake kuhusu mtoto na hasira zake. Seneta John Pastore, mtu aliyejulikana kwa ukali, akamwambia fedha amezipata.

Hata hivyo, katuni peke yake haitoshi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas Tech walichapisha mwaka 2016 utafiti kuhusu watoto wadogo waliotazama Daniel Tiger. Waliopata faida, kwa kuwahurumia wenzao na kutambua hisia, ni wale ambao wazazi wao walikuwa na desturi ya kuzungumza nao kuhusu wanachotazama. Kwa hiyo dakika chache za kukaa naye mkekani na kumuuliza "unadhani kwa nini Daniel amenuna?" zina thamani kuliko saa nzima za katuni huku sisi tuko jikoni au kwenye simu. Najua jioni zetu zilivyo. Bado nasisitiza.

Kuna jambo lingine ambalo vipindi bora vimethubutu, nasi tunalikwepa majumbani. Will Lee, aliyeigiza muuza duka Bwana Hooper katika Sesame Street, kipindi kingine cha watoto cha Marekani, alifariki mwaka 1982. Watayarishaji wangeweza kusema amehama. Waliamua kusema amekufa. Katika kipindi cha mwaka 1983, Big Bird, ndege mkubwa wa manjano wa kipindi hicho, anakuja na mchoro aliomchorea Bwana Hooper, na wakubwa, machozi yakiwalenga, wanamweleza kwamba harudi tena.

Sisi tunasema "bibi amesafiri." Mtoto anamngoja. Kila gari likisimama nje anakimbilia mlangoni, na sisi tunadhani tumemkinga na uchungu.

Halafu kuna dada wa kazi, msiba ambao hatuuhesabu kuwa msiba. Amemlea mtoto tangu akiwa wa kubebwa, amemlisha, amemwogesha, amelala naye. Siku moja, mara nyingi mtoto akiwa usingizini, anaondoka na begi lake. Mtoto anaamka, anamuulizia, anaambiwa dada mpya atakuja. Wiki hiyo anakojoa kitandani au anawauma wenzake chekechea, nasi tunamwita mtundu.

Hadithi za namna hiyo Daniel hawezi kutusimulia. Tunao wanaoweza. Ubongo, shirika la Dar es Salaam linalotengeneza vipindi vya watoto, wametupatia katuni ya Akili and Me, na Akili, binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, anaongea Kiswahili chetu na ana nyumba inayofanana na zetu. Amewafundisha watoto wengi kuhesabu na kutambua herufi. Ningetamani nimwone katika hadithi ambamo dada wa rafiki yake anarudi kwao. Rafiki analia, anagoma kula, anamsukuma dada mpya. Mama hamkemei. Anaketi chini, anamwambia ukweli: dada amekwenda kwao, hatakaa nasi tena, hujafanya kosa lolote, na jioni tutampigia simu. Kisha uwepo wimbo, mfupi, ambao mtoto anaweza kuuimba akiwa peke yake kitandani, na mama naye awe ameushika.